Samaki Namba Tisa

Atupele alijua samaki sitini na wawili wa Ziwa Nyasa kwa majina yao ya Kilatini, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana naye akiwa hai. Alikutana nao chupani, wamesimama kichwa chini ndani ya dawa ya maabara, rangi zao zimekwisha, macho yamekuwa meupe kama chokaa. Kwa samaki wa chupani hakuwa na mpinzani. Hesabu miiba ya pezi, tazama meno, pima mkia, taja jina. Mwaka wa pili wa chuo alishika nafasi ya kwanza, na ndipo mwalimu wake, Dokta Sylvester, alipomwita ofisini.

"Wewe si mtu wa Kyela? Basi maji unayajua."

"Nayajua, Dokta," akajibu.

Hapa tuseme kweli, maana yeye hakuisema. Kyela ni kubwa. Atupele alizaliwa Ikolo, kwenye mpunga na kakao, na maji aliyoyajua yalikuwa ya majaruba, yenye rangi ya chai ya maziwa. Alipokuwa na miaka saba aliteleza tutani wakati wa masika, akaanguka kifudifudi ndani ya jaruba lililofurika. Kina hakikumfika hata kiunoni, lakini alifumbua macho humo ndani na hakuona kitu, si mkono wake, si mpunga, si juu wala chini. Mama yake alimvuta kwa gauni, akampiga kofi moja la hofu, kisha akamkumbatia mpaka wote wawili wakawa matope matupu. Tangu siku ile Atupele alinawa uso kwa kiganja na kuoga kwa kata. Huko chuoni alijifunza kuogelea kwenye bwawa, ndiyo, lakini kichwa juu, shingo imenyooka kama ya bata, na wenzake wakimcheka hadi kushika mbavu.

Basi Julai ya mwaka tisini na sita Dokta alimtuma Lyulilo, kule mlima unakoshuka moja kwa moja mpaka ziwani na kuacha majabali majini. Alipewa wiki kumi. Kazi yake ilikuwa kuogelea juu ya majabali hayo, uso ndani ya maji, na kuandika ni samaki gani wanaishi pale, kina gani, wanakula nini. Alikabidhiwa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Kibao cha kuandikia majini hakupewa, kwa sababu idara nzima ilikuwa nacho kimoja na hicho kimoja kilikuwa Mafia.

Alifikia kwa Mzee Hebroni, mzee wa kanisa aliyefahamiana na baba yake. Mzee alikuwa mjane, mwenye mtumbwi mzuri na maneno machache. Ng'ambo ya migomba kulikuwa na nyumba ya pili, ya mkwewe Keziya, Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi kama wanawake wote wa kwao. Mumewe, Anyisile, alikuwa mtu wa mpakani, leo Karonga kesho Kyela, na sabuni zake na vitenge vyake, tangu biashara ilipoachiwa huru kila mwenye miguu akafunga mzigo. Nyumbani alionekana kama mgeni.

Keziya na baba mkwe wake hawakuwa wametazamana usoni kwa miaka minane. Hawakuwa na ugomvi wowote. Ni ile heshima ya ukwe ambayo Wanyakyusa huiita kutila: mke hamtazami baba wa mumewe, hamtaji jina, hapiti naye njia moja, na akimwona anakuja hujitenga mpaka apite. Vijana wengi walikuwa wameshaanza kuiacha. Hawa wawili waliishika bila kulazimishwa na mtu, na Mzee Hebroni naye alikuwa na upande wake wa adabu. Popote alipokaribia, nchi kavu au majini, alikohoa mara mbili kutoka mbali, ili mwanamke apate nafasi ya kuondoka. Chakula cha mzee kilipikwa na Keziya na kupelekwa na Ikupa, binti yake mdogo. Atupele alipofika, yeye ndiye aliyegeuka kuwa mjumbe. "Mwambie baba huyo mbasa ana miiba, ale taratibu." "Mwambie mama Ikupa ndaga, namshukuru, chumvi leo imekaa." Walipendana kwa njia hiyo, kupitia kinywa cha mtu mwingine, na Atupele aliwahusudu kidogo.

Wiki ya kwanza alikwenda kila asubuhi kwenye jabali kubwa lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Alivaa miwani, akaisukuma juu ya paji la uso, akakaa. Wiki ya pili vilevile. Ziwa lilikuwa tulivu kabla upepo wa mwera haujaamka, lakini yeye alipoinama aliona mng'ao tu juu ya maji, na chini ya mng'ao ule, moyoni mwake, kulikuwa na jaruba. Wiki ya tatu akaanza kwenda gulioni. Wavuvi waliotega nyavu kando ya majabali walimuuzia visamaki ambavyo hakuna aliyevitaka. Aliviweka juu ya jani la mgomba, akahesabu miiba, akatazama meno, akataja jina. Raha iliyoje! Wote walikuwa wamekufa.

Wiki ya nne aliandika orodha ya samaki kumi na tisa. Na kwa kuwa orodha bila kina ingemuumbua, aliongeza kina. Huyu mita mbili, yule mita tatu. Akaongeza na tabia: "huyu hukwangua ukungu wa kijani juu ya mawe", "yule hupenda kivuli". Namba tisa ndiye aliyempamba zaidi, samaki wa kahawia mwenye ngozi ya koo iliyolegea, ambaye hakumkumbuka katika chupa yoyote. Aliandika kwamba huenda ni aina ambayo bado haijajulikana. Akatuma barua.

Jibu lilikuja Jumamosi, siku ya gulio, mkononi mwa dereva wa lori lililofuata samaki na vyungu. Dokta Sylvester alikuwa na furaha ya mtoto. Namba tisa amemnyima usingizi, aliandika. Ameshamwambia mkuu wa idara. Atafika Jumamosi ijayo, anakuja na miwani yake mwenyewe, na Atupele atamwongoza majini kumwonyesha samaki huyo pale pale anapoishi.

Atupele aliisoma barua mara tatu. Siku saba. Dokta akigundua kwamba mwanafunzi wake ametunga, mwaka huo wa masomo ungekwenda na maji, na pengine na chuo chenyewe. Na kule Ikolo baba yake alikuwa ameshaanza kumwita "daktari wa samaki" mbele ya majirani.

Jumatatu asubuhi Keziya alimkuta pale jabalini, miwani juu ya paji, macho mekundu. Alikuwa ametoka Ikombe na mtumbwi uliojaa udongo, mikono ya kijivu hadi kwenye viwiko.

"Ugonile, mdogo wangu," alisema. "Nina swali dogo. Hiyo miwani, huko chuoni kwenu, huwa inavaliwa kwenye paji la uso?"

Atupele alitaka kucheka, ikawa kilio. Akamwambia yote, jaruba, barua, namba tisa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Keziya alisikiliza huku akijipangusa udongo, wala hakumwambia pole.

"Kwa hiyo ziwa unaliogopa kwa sababu hulioni," alisema alipomaliza. "Njoo nyumbani."

Huko nyumbani alitoa chungu, kile kipana cha kupikia wali wa msiba, akakijaza maji, akadondosha humo vigae vya vyungu vilivyovunjika. "Vaa miwani, ingiza uso, uniambie vigae vingapi."

"Dada, watoto wananitazama."

"Waache watazame. Wewe si umekuja kutazama samaki? Na samaki nao watakutazama."

Atupele alipiga magoti mbele ya chungu kama anayeabudu. Aliingiza kidevu, akatoa. Aliingiza pua, akatoa. Mara ya tano aliingiza uso wote, akafumbua macho, na vigae vikawa pale, vikubwa kuliko vilivyo, vyekundu, kila kimoja na mistari ya vidole vya Keziya. Akainuka akitweta. "Saba!"

"Ni tisa. Rudi."

Hivyo ndivyo msomi wa chuo kikuu alivyoshinda siku mbili kichwa ndani ya chungu. Mpaka Jumanne jioni alikuwa anaweza kukaa humo akipumua kwa mrija, anahesabu vigae, anasema ni cha chungu gani, mdomo au tumbo. Majirani walishachoka kucheka. Lakini Jumatano, walipoingia ziwani kando ya jabali la ng'ombe, maji yakimfika kifuani, mwili wote uligoma. Chungu kilikuwa na kitako. Ziwa halikuwa nacho.

"Siwezi, dada."

"Shika jiwe. Inama tu."

"Nimesema siwezi!"

Keziya alikuwa amejifunga kitenge kimoja kifuani, kingine amekiacha juu ya jabali. Alifungua mdomo amjibu, na papo hapo omo ya mtumbwi ikatokeza nyuma ya jabali. Ulikuwa mtumbwi wa Mzee Hebroni, hatua kumi tu kutoka pale, na hakuna aliyesikia kikohozi.

Keziya hakupiga hata kelele. Alizama. Maji yalijifunga juu ya kichwa chake kama hayajawahi kufunguliwa.

"Ugonile, mwanangu," alisema mzee, akiegesha kasia.

"Nagonile, tata," alijibu Atupele, na haraka akakokota kile kitenge cha juu ya jabali akajifunga yeye, kionekane ni chake.

Alitegemea mzee angepita. Mzee hakupita. Mtu ambaye kwa wiki tano hakuwahi kumwambia zaidi ya maneno kumi kwa siku, asubuhi ile alifunguka kama bomba. Aliuliza habari za kakao ya baba yake. Aliuliza kama Dokta anakula mbasa au ana mwiko. Alieleza jinsi mlima ulivyoporomoka mwaka mmoja wa mvua, ukaziba njia ya Ikombe. Atupele aliitika "eena, tata, eena," huku akihesabu kimoyomoyo. Thelathini. Sitini. Maji hayakutikisika. Tisini.

Amwambie nini? Mkweo yuko chini ya mtumbwi wako? Hilo mtoto wa Kinyakyusa halitamki. Lingemlazimisha Keziya ainuke na nguo imemganda mwilini mbele ya baba wa mumewe, na baada ya hapo wasingeweza hata kupelekeana salamu. Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Kwa Atupele, aliyebeba chakula na salamu zao siku zote hizo, lilikuwa kama kuvunja nyumba. Lakini mia na kumi! Mtu anakufa kwa adabu hivyo?

Alishusha miwani. Aliuma mrija. Akaingiza uso.

Hakukuwa na jaruba. Kulikuwa na mwanga. Ulishuka mpaka mbali chini, ukapita juu ya mawe, na kila jiwe lilikuwa na kivuli chake na nywele zake za kijani. Samaki walikuwa kila mahali, wa bluu, wa manjano, wenye mistari, wanakwangua mawe, wanafukuzana, wanageuka kwa pamoja, na hakuna aliyesimama kichwa chini. Atupele alisikia pumzi yake mwenyewe ikiunguruma mrijani. Alimtafuta Keziya, akaona miguu miwili ya kahawia ikining'inia kwenye ufa wa jabali. Juu ya miguu kulikuwa na tumbo, juu ya tumbo kifua, na kichwa hakikuonekana, kwa kuwa kichwa kilikuwa nje ya maji, ndani ya kijipango cha mwamba, kinapumua hewa kwa raha zake. Vidole vya miguu vilikuwa vinachezacheza, na visamaki vilikuwa vinavidonoa.

Atupele alicheka ndani ya mrija, akanywa maji, akakohoa, akainua kichwa. Mtumbwi ulikuwa umeshakwenda. Mzee hakuaga. Basi Atupele akarudisha uso majini, na hakuutoa mpaka Keziya alipomvuta kwa mkono na kumwambia midomo yake imekuwa ya zambarau.

"Nilidhani umekufa!" alisema Atupele.

"Nife kwa sababu gani? Pale nimeshajificha mara mia." Kisha Keziya akakamua ncha ya kitenge. "Lakini baba hakukohoa. Miaka minane hajawahi kuacha kukohoa. Na maneno yote yale! Labda nimemkosea kitu."

Lilimkera siku ile nzima. Jioni alitia nazi kwenye ndizi za mzee, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya Krismasi.

Alhamisi na Ijumaa Atupele aliishi majini. Alishika jiwe saa ya kwanza, saa ya pili akaliacha, na ya tatu alikuwa anaelea juu ya kina kisicho na kitako na hakukumbuka kuogopa. Karatasi zililowana na kuchanika, kwa hiyo Keziya akampa vigae. Kigae kilichochomwa vizuri kinakubali penseli hata ndani ya maji. Alichora samaki mmoja kwa kila kigae, akavitia kwenye mfuko wa wavu kiunoni, akatoka majini akilia kama mkokoteni wa vyombo. Alimtambua wa kwanza kwa jina, akapiga kelele peke yake. Alimtambua wa pili. Wengine hawakufanana kabisa na wenzao wa chupani, na hapo alimuuliza Keziya, ambaye hakujua Kilatini lakini alijua nani anaishi na nani.

"Namba tisa yuko wapi?" aliuliza Ijumaa. "Yule wa kahawia, koo limelegea."

Keziya alimpeleka chini ya ukingo wa jabali la ng'ombe. Wa kahawia alikuwa pale, kidevu kimevimba kama mtu aliyeficha ugali shavuni. Kando yake alizunguka wa bluu, namba nne wa orodha.

"Huyo si aina nyingine," Keziya alisema walipoinuka. "Ni mke wa yule wa bluu. Amebeba watoto mdomoni. Hali kitu mpaka wakue. Wavuvi wakimnasa anawatema kwa hofu, ndiyo maana gulioni unamwona koo tupu."

Atupele alikaa juu ya jabali, uso umemshuka. Mume alimwandika namba nne, mke akamwandika namba tisa. Angemwona mara moja tu akiwa hai asingekosea. Alichukua orodha, akaanza kufuta kila ambaye hakumwona kwa macho yake. Kutoka kumi na tisa walibaki kumi na mmoja.

Dokta Sylvester alifika Jumamosi asubuhi, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, miwani yake imefungwa kwenye taulo. Keziya asingeweza kupanda mtumbwi mmoja na baba mkwe wake, na siku hiyo hapakuwa na mwingine. Kwa hiyo Atupele aliketi katikati, Dokta mbele, Mzee Hebroni nyuma na kasia, na mfuko wa vigae miguuni.

"Haya," alisema Dokta walipofika jabalini, akisugua mikono. "Namba tisa!"

Angeweza kunyamaza. Alikuwa anajua samaki yuko wapi, na mtu asiye na habari angemwona mtaalamu.

"Dokta, namba tisa hayupo. Ile orodha niliiandika gulioni, kwa samaki waliokufa. Sikuwa nimeingiza uso majini hata siku moja. Vile vina nilivitunga. Nilikuwa naogopa."

Kicheko kilizimika. Dokta alimtazama, akatazama maji, akamtazama tena. "Nimeshamwambia mkuu wa idara," alisema polepole. "Nimeandika barua nje ya nchi, Atupele. Kwa jina langu."

"Najua. Nisamehe."

"Usiniambie nikusamehe. Mimi nilikuamini." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeumia, na hilo lilimchoma Atupele kuliko matusi.

Atupele alifungua mfuko, akapanga vigae kumi na kimoja juu ya ubao wa mtumbwi. "Hawa nimewaona. Wiki hii. Kila mmoja kwa macho yangu, na kina nimepima kwa kamba. Ukitaka nitakuonyesha. Usipotaka tugeuze."

Dokta alikiokota kimoja, akakigeuza, akakisogeza karibu na macho. Akachukua cha pili. Alitemea mate miwani yake, akaisugua, akaivaa.

"Nionyeshe."

Waliingia. Atupele alitangulia, uso majini, mikono imelegea ubavuni, akipiga mapezi taratibu. Alimwonyesha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mara alisubiri mpaka Dokta atikise kichwa. Pale ukingoni alimwonyesha wa bluu, kisha akanyoosha kidole kwa wa kahawia, akaviweka vidole viwili pamoja: hawa ni mke na mume.

Wa kahawia alikuwa juu ya kichanga kidogo. Alifungua mdomo. Kilitoka kisamaki kimoja, kama punje ya mpunga yenye macho. Kikafuata cha pili, kisha wakamwagika ishirini, thelathini, wakiwa wingu dogo mbele ya uso wake. Samaki mwenye mistari alipojongea, mama alishuka na mdomo wazi, na wote wakarudi ndani mbio kama watoto walioitwa mvua ikianza. Kidevu kikavimba tena. Akakaa pale akiwalinda, mwembamba wa njaa. Atupele alijikuta analia ndani ya miwani, na aliyewahi kulia ndani ya miwani anajua kwamba hakuna pa kujifutia.

Waliporudi mtumbwini Dokta alivua miwani, maji yakimdondoka.

"Orodha ya kwanza nitaichana mimi mwenyewe," alisema, "na barua za kuomba radhi nitaziandika mimi, na wewe utazisoma kabla sijazituma. Una wiki nne. Unaanza upya, toka samaki wa kwanza. Maksi zako zitakatwa, hilo usinililie." Akachukua kigae cha wa kahawia, akakifuta kwa kidole gumba. "Lakini huyu umemchora akiwa hai. Nani alikufundisha?"

Atupele aligeuka kumtazama Mzee Hebroni. Hakujua jina lile lingetajwa mbele yake namna gani. Mzee alikuwa ameelekeza macho mlimani.

"Ni mke wa mwanangu," alisema mzee. "Mwandike. Mimi simtaji, lakini wewe mwandike." Alipiga kasia mara mbili tatu, kisha akaendelea, bado anatazama mlima. "Mwanangu, nina ujumbe wa kwake. Mwambie siku ile sikukohoa kwa makusudi. Nilisikia kuna chungu, kisha nikiwa nyuma ya jabali nikasikia kwamba chungu hakikutosha. Nikajua nikikaa pale atazama, na wewe utamtafuta. Ule ufa naujua, nilimwonyesha Anyisile akiwa mdogo. Nilijua anapumua. Hata hivyo lile halikuwa jambo la baba mkwe. Mwambie naomba radhi."

Dokta, asiyeelewa hata nusu, aliuliza kuna nini. Mzee akageuza mtumbwi kuelekea nchi kavu.

Atupele alimkuta Keziya uani, anazungusha chungu kibichi juu ya kigae, kidole gumba ndani, vinne nje. Alimpa ujumbe wote, neno kwa neno, kama alivyozoea. Keziya hakuinua kichwa. Chungu kiliendelea kuzunguka, lakini mdomo wake ulianza kupinda, na Atupele akaona tone la maji limedondoka kwenye udongo na kufyonzwa.

"Kumbe hakunikasirikia," alisema Keziya.

"Hakukasirika."

"Mwambie ndaga fijo. Mwambie hata mimi nilikuwa nimeishiwa njia za kukufanya uiname." Alijipangusa shavu kwa bega, mikono imejaa udongo. "Na mwambie nazi haitakuwepo tena mpaka Krismasi."

Jumatatu walikuwa majini wote wawili, na vigae vipya visivyo na mchoro, wakianza toka samaki wa kwanza. Jua lilikuwa bado nyuma ya mlima. Kutoka mbali, nyuma ya jabali, walisikia kikohozi. Kikaja cha pili. Na baada ya kitambo, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kikaja cha tatu.

Keziya alicheka, akavuta pumzi, akazama bila haraka. Atupele aliuma mrija akamfuata kwa macho mpaka chini, kwenye ukingo wa jabali. Keziya alinyoosha kidole. Yule wa kahawia alikuwa pale, na watoto wake walikuwa wametawanyika maweni, kila mmoja na ufa wake. Kidevu kilikuwa kimelala. Alikuwa amebandika mdomo kwenye jiwe, na alikuwa anakula.